Nyumba Iliyopanda Punda

Kosa lilikuwa langu. Nalisema mapema ili mtu asije akamlaumu mama mkwe wangu, Mungu amrehemu. Mimi ndiye niliyesema tubomoe nyumba. Yeye alisita. Alisimama mlangoni akanikumbusha kwamba karani wa kamati alitaka nyumba isimame shambani wakati wote, na mimi, bibi harusi wa mwaka mmoja, mdomo mrefu kuliko akili, nikamjibu, "Isimame ikimngoja nani, ayyo? Kunguru?"

Ayyo kwetu Waborana ni mama. Nilimwita hivyo hata siku nilizomjibu vibaya.

Hayo yalitokea Burat, nje kidogo ya mji wa Isiolo, katikati ya miaka ya sabini. Ukame ulikuwa umepita ukafagia boma la ayyo. Ng'ombe waliisha, akabaki na punda watatu, mbuzi wa kuhesabu kwa vidole, na mwana mmoja, ambaye ndiye mume wangu. Kisha serikali ikachimba mfereji kutoka mtoni, ikakata ardhi ya kando yake vipande vipande na kuwagawia watu waliopoteza mifugo. Ayyo, mjane, akaandikwa kipande kimoja. Hakikuwa kikubwa. Ukirusha jiwe kutoka huku, lilianguka kwa jirani. Aliniambia kwamba siku alipoonyeshwa alicheka, kisha akalia, kisha akaenda kuazima jembe.

Ni lazima mtu aelewe jinsi alivyokuwa anaona. Kwa mama yule, mali ilikuwa kitu chenye miguu. Mali inaitikia ukiiita, inazaa, na nyasi zikiisha hapa inakufuata kule. Udongo ungemfuata nani? Hata nyumba kwetu haikai mahali pamoja. Nyumba ni ya mwanamke. Mama yangu ndiye aliyenitengenezea yangu nilipoolewa: nguzo, fito za kupinda, kamba, na mikeka aliyofuma kwa miezi. Ayyo alikuwa ameuza mikeka yake wakati wa njaa, kwa hiyo tuliishi wote wawili katika nyumba yangu. Watu wakihama, mwanamke hung'oa nguzo, hukunja mikeka, hupakia punda, na wakifika waendako husimamisha nyumba ile ile. Kuhama ukaacha nyumba nyuma ni sawa na kwenda safari ukaacha miguu.

Sasa kamati ya mashamba ilikuwa na sheria zake, na zilisomwa kwenye baraza mara tatu. Lima. Chimba sehemu yako ya mfereji. Na uwe na nyumba iliyosimama shambani, kwa sababu watu wa mjini walikuwa wakichukua mashamba na kuyaacha yaote magugu. Karani akipita asikute nyumba, shamba linapewa mwingine aliye kwenye orodha. Tulisikia yote hayo. Nilisikia vizuri sana, tena nilikuwa nimekaa mbele.

Ng'ambo ya mfereji aliishi mama mmoja Mmeru, mjane kama ayyo. Alikuwa ameshuka kutoka mlimani na mume wake kutafuta ardhi, mume akafariki, yeye akabaki na shamba, mbuzi jike mmoja na nyumba ya udongo iliyoezekwa mabati. Huyo ndiye aliyemfundisha ayyo kushika jembe. Walizungumza Kiswahili cha kuokoteza, kila mmoja akitia maneno ya kwao, na bado walielewana kuliko mimi na mume wangu. Yule mama alimwita ayyo "mama wa punda". Ayyo alimwita yeye "mama wa bati".

Mwaka ule mvua ilinyesha kama iliyokuwa na deni. Mume wangu alikuwa mbali upande wa Kinna, akichunga mitamba tuliyopewa na ukoo, maana kwetu mtu akiishiwa hupewa kidogo na kila mmoja ili aanze tena. Akatuma ujumbe kwamba mitamba imezaa na maziwa yanamwagika, twende. Mahindi yetu yalikuwa yamefika magotini. Ayyo alitaka tuende kwa siku chache, nyumba ibaki. Mimi nilifikiria wanawake wa huko malishoni. Bibi harusi afike bila nyumba, alale kwa watu kama mwombaji? Nikasema lile neno la kunguru. Kwa kweli ayyo naye alitamani kuona nyumba ikisimama tena katikati ya ng'ombe, kwa hiyo sikuhitaji kumsukuma sana.

Tulibomoa asubuhi. Mama wa bati alitoka na kikombe mkononi akatuangalia tukikunja mikeka.

"Nyinyi munaenda na nyumba?" akauliza.

"Tunaenda nayo," ayyo akasema.

"Na mukirudi?"

"Tunarudi nayo."

Alicheka hadi akakaa kwenye ukingo wa mfereji. Ayyo hakucheka. Alimwonyesha mahali nyumba ilipokuwa, duara la mashimo ya nguzo na katikati mafiga matatu, akamwambia, "Hapa ni jiko yangu. Usikanyage. Mimi narudi hapa hapa." Alikuwa mkali sana kuhusu jiko lake. Mimi mwenyewe nilishawahi kufukuzwa humo.

Tulikwenda kwa wiki tatu, tukakaa karibu miezi miwili. Siwezi kusema uongo kwamba nilikumbuka shamba. Nilikunywa maziwa hadi mashavu yakajaa, nikafukiza vibuyu vya maziwa kwa moshi, nikasimamisha nyumba yangu mbele ya wanawake wote na ikasifiwa. Ayyo aliamka kila siku kabla ya alfajiri ili asikie tu ndama wakilia. Siku moja alisema, "Yale mahindi yanapata maji kweli?" Nikamwambia Mungu yupo.

Tuliporudi, nyumba ikiwa juu ya punda, tulikuta kigingi chenye rangi nyekundu kimepigwa ukingoni mwa shamba letu.

Mzee wa shamba la juu alikuwa akifungulia maji mferejini. Akatusalimu, "Salaam aleikum," kisha akatupa habari bila kuzungusha. Karani alipita. Aliandika kwamba hakuna nyumba na hakuna mtu. Shamba amepewa mfanyabiashara wa mjini, na kamati inakuja kesho kumkabidhi.

Ayyo alishika shingo ya punda. Mimi nilitazama shamba. Mahindi yalikuwa yamepita vichwa vyetu, yamepaliliwa, hayana gugu hata moja. Na katikati ya mistari kulikuwa na maharagwe. Sisi hatukupanda maharagwe.

Hapo damu ikanipanda. Niliruka mfereji, nikasimama mbele ya nyumba ya mabati, nikamwita mwizi. Nikamwambia alicheka tulipoondoka kwa sababu tayari alikuwa amepanga. Nikasema watu wa mlimani wanakula ardhi kama mchwa. Nilisema na mengine ambayo siyaandiki, maana wajukuu wanasoma. Wahenga walisema hasira hasara, na siku ile nilikuwa naichimba hasara yangu kwa mikono miwili.

Yeye alikuwa anapepeta mahindi. Alinisikiliza hadi nikaishiwa pumzi.

"Umekunywa chai?" akauliza.

Nikamgeuzia mgongo. Akaingia ndani, akafunga mlango.

Nilirudi nikijiona shujaa. Ayyo alikuwa amekaa chini kando ya mizigo. Aliniita intala, msichana, kama alivyoniita akikasirika kweli, akasema, "Nani aliona nyumba yetu hapa?"

Nikafikiri. Mzee wa shamba la juu alikuwa hajaja wakati ule. Upande wa chini palikuwa kichaka. Wanawake wa kwetu walikaa mbali, karibu na kambi ya jeshi, nao hawakupita huku.

"Mmoja tu," akasema ayyo. "Na wewe umetoka kumtukana."

Majuto ni mjukuu, lakini wangu hakungoja, alinifika jioni hiyo hiyo. Lile shamba lilikuwa chakula cha mama yule aliyenipokea kama binti, na nilikuwa nimelibomoa mara mbili, kwanza kwa kiburi cha nyumba yangu, na sasa kwa ulimi. Ayyo akatoa kibuyu kimoja cha maziwa tuliyomletea jirani kutoka Kinna, akanipa. "Umechafua, safisha." Nilivuka mfereji, nikasimama mlangoni kwake muda mrefu, na maneno yakakataa kutoka. Mimi, ambaye yalikuwa hayajawahi kunikataa. Nikaweka kibuyu chini, nikaondoka.

Tulilala nje, na kulipokucha tukapakia punda tena, tukiwa tayari kufukuzwa. Kamati ilifika saa sita, wanaume watatu na karani mwenye daftari, pamoja na yule mfanyabiashara aliyevaa viatu vya kupakwa rangi. Mwenyekiti alikuwa mtu mzima mwenye sauti ya chini, si mbaya. Alisema sheria ni moja kwa wote. Ayyo akasema nyumba ilikuwepo. Mwenyekiti akauliza iko wapi.

"Hii hapa," ayyo akasema, akionyesha punda.

Mfanyabiashara akacheka. Karani akasema nyumba ya juu ya punda inaweza kutoka popote, hata leo asubuhi tungeweza kuiazima. Na alisema kweli, ndilo lililoniuma zaidi.

Ndipo nikamwona mama wa bati anavuka mfereji, na jembe begani.

"Habari zenu," akasema. Hakunitazama. Akamgeukia karani. "Wewe kijana, siku ulikuja nilikuambia nini?"

Karani akafunua daftari, akasita. "Ulisema mwenyewe ameenda na nyumba yake."

"Na ukafanya nini?"

"Nilidhani ni mzaha, mama."

"Mzaha. Kujeni nyinyi wote."

Akaingia katikati ya mahindi, nasi tukamfuata kwa mstari, punda nyuma. Katikati ya shamba mahindi yalikoma na maharagwe yakakoma. Kulikuwa na uwanja wa duara, mtupu, umezungushiwa tuta dogo la udongo kama lile la kuzuia maji yasiingie kitalu. Ndani yake, udongo ulikuwa mkavu. Mafiga matatu yalikuwa pale pale, na majivu yetu. Na pande zote za duara, mashimo ya nguzo, kila shimo limezibwa kwa gunzi la mahindi.

"Mbuzi yangu inapita hapa," akasema. "Ingevunjika mguu. Na maji ya zamu yao nilikuwa namwagilia mahindi yao nayo, sasa nikaweka hii tuta, maji isiharibu jiko. Mimi siwezi lima kwa jiko ya mtu." Halafu akaongeza, kana kwamba amekumbuka, "Maharagwe ni yangu. Nimepanda ndio wapita njia wajue hii shamba iko na mtu. Nikivuna tunagawana."

Sikuweza kuinua macho. Nilitamani ardhi ile tuliyokuwa tunagombania inimeze.

Karani, aliyekuwa na kazi ya kukataa, akasema duara ni duara, nalo laweza kuwa la nyumba ya yeyote. Mwenyekiti akamtazama ayyo. Ayyo akanitazama mimi. "Shusha," akasema.

Nilishusha nguzo. Nilipiga magoti nikaanza kung'oa magunzi moja baada ya jingine, kwa hofu, kwa sababu mashimo hufukika, mchwa huingia, na nilikuwa sijui kama yatakubali. Nguzo ya mlango wa nyumba yangu mama yangu aliikata kutoka kwa mgunga uliopinda, ina goti karibu na mguu, na siku ya kwanza tulipoisimamisha hapo tulichimba shimo la kuifuata ilivyopinda. Hakuna nguzo nyingine ingeingia humo, wala hiyo isingeingia shimo lililonyooka. Niliielekeza, nikaizungusha kidogo. Ilishuka hadi chini, ikasimama yenyewe bila mtu kuishika.

Mwenyekiti alisogea, akaitikisa. Haikucheza. Akaitoa mwenyewe, akajaribu kuitia shimo la pembeni, ikagoma. Akairudisha kwenye lake.

Baada ya hapo hatukungoja kuambiwa. Mimi na ayyo tulisimamisha nyumba nzima mbele yao, kila nguzo na shimo lake, tukapinda fito, tukafunga kamba, tukatandika mikeka. Mama wa bati alishika upande mmoja bila kuombwa, akifunga mafundo ya ajabu ambayo baadaye ilibidi niyakate. Tulianza baada ya adhuhuri, na kabla ya alasiri kuadhiniwa ayyo alikuwa amewasha moto kati ya mafiga yake.

Mwenyekiti aling'oa kile kigingi chekundu, akakigonga udongo ukatoka.

"Niandike nini?" karani akauliza.

"Andika nyumba iko."

"Lakini siku ile haikuwepo, mzee."

"Ilikuwa imetoka. Imerudi."

Mfanyabiashara akaondoka akitazama viatu vyake vilivyojaa tope. Ayyo aliingia ndani ya nyumba, akalala chali sakafuni, mikono imetanuka, akaanza kucheka peke yake. Mimi nilikaa mlangoni nikalia kama mtoto. Sikujua mtu anaweza kulia kwa kupata kitu alichokuwa nacho jana. Kifua kilikuwa chepesi, nikavuta hewa hadi ndani kabisa, kwa mara ya kwanza tangu tulipoona kile kigingi.

Jioni nilivuka mfereji. Safari hii maneno yalitoka, ingawa kwa kugongana. Mama wa bati alikuwa amemimina maziwa yetu kwenye sufuria ya chai, na alikuwa akilalamika kwamba yananuka moshi.

"Wewe," akaniambia, "mdomo yako inatembea mbele, akili inakuja nyuma na punda. Keti ukunywe chai."

Nilikunywa vikombe vitatu.

Mvua zilizofuata tulikwenda malishoni tena, lakini nyumba haikutoka nzima. Tuliacha nguzo na nusu ya mikeka, na mama wa bati akaweka humo mahindi yake na yule mbuzi. Wanawake wa Kinna walinicheka kwa kufika na nusu nyumba. Niliwaacha wacheke. Miaka ya themanini ilipoingia tulijenga ya udongo na mabati kama yake, na fundi alipotaka kuyasogeza mafiga ili chumba kinyooke, ayyo alimfukuza kazini. Jiko likabaki pembeni kidogo, limekaa vibaya, mpaka leo nalipiga teke nikipita.

Kisha ukaja ukame mwingine, mbaya kuliko ule wa kwanza. Ng'ombe wa mume wangu walikufa mmoja mmoja hadi akarudi nyumbani na fimbo yake tu. Aliingia akakuta watoto wanakula githeri, mahindi na maharagwe ya shamba letu, na vitunguu vimetandazwa nje vikikauka. Alikula nao. Alipomaliza aliomba jembe, na ayyo, ambaye sasa alikuwa hawezi kuinama, akamwambia achukue lile refu.

Mwaka huo huo mama wa bati aliitwa mlimani. Mama yake mzazi alikuwa mgonjwa na hakuna mwingine wa kumuuguza. Alikuja asubuhi na kikapu akasimama kwenye ukingo wa mfereji. "Mama wa punda, nimeenda," akasema. "Nyumba nimeacha. Mimi si kama nyinyi." Ayyo akacheka, lakini jirani alipoondoka, ayyo aliniita. Kamati ilikuwa imekaza sheria kwa sababu ya njaa, watu wengi walitaka mashamba yenye maji, na nyumba iliyofungwa bila mtu ilihesabiwa kuwa imeachwa. Ayyo alikuwa na neno moja tu. Kila asubuhi, kabla sijawasha moto wetu, niwashe wa jirani.

Nilifanya hivyo miezi minne. Nilivuka na kaa la moto kwenye kigae, nikafungua mlango, nikawasha jikoni kwake, nikafagia, nikaacha moshi utoke juu ya mabati. Nilimwagilia mahindi yake kwa zamu yake. Siku zingine nilichoka, nilikuwa na mimba ya nne, na nilinung'unika njia nzima. Lakini nilikwenda.

Karani alipopita alikuwa ni yule yule, sasa ana mvi kidogo na baiskeli. Alisimama akautazama moshi.

"Mwenyewe yuko wapi?"

"Ametoka," nikasema.

Akafunua daftari. "Ameenda na nyumba?"

"Huyu ameiacha."

Akacheka, akaandika, akapanda baiskeli yake akaenda zake.

Mama wa bati alirudi wakati wa mavuno, amekonda, kitambaa cheusi cha msiba kichwani. Hakupita kwetu kwanza. Nilimwona kutoka shambani akifungua mlango wake taratibu, kama mtu anayetarajia kusikia sauti ya mgeni ndani. Nikamfuata. Nilimkuta amechutama jikoni, mkono wake umelala juu ya majivu, na majivu yalikuwa bado na joto la asubuhi. Alikaa hivyo, na machozi yakamtoka, nami sikujua niweke wapi mikono yangu.

"Umekunywa chai?" nikamuuliza.

Akatikisa kichwa. Nikachukua sufuria yake, nikapuliza makaa.